Mstari wa Mwisho kwenye Pakiti

Rula alirudi nyumbani kula chakula cha mchana, akamkuta mkewe amekaa kwenye jamvi, mgongo ukutani, miguu iliyovimba ameiweka juu ya mto, mkononi ana kikombe cha chai. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa ile pakiti iliyosimama pembeni yake. Rula aliijua pakiti ile kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, maana uso wake hakuuchora yeye.

Jina la Rula alipewa kazini, kwenye duka la kuchapa, kwa ajili ya rula ya chuma iliyokaa mfukoni mwa shati lake miaka yote hadi ikatoboa mifuko mitatu. Kazi yake ilikuwa kupanga lebo: za sabuni, za unga, za asali, za mafuta ya kujipaka. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, hakuweza kuvumilia nafasi tupu. Lebo ikibaki na pengo chini, hakula vizuri siku hiyo. Wenzake walimtania kwamba hata kaburi lake atataka lijazwe maandishi pande zote nne.

"Umeipata wapi hii?" aliuliza.

"Mama alikuja nayo kutoka dukani." Mkewe aliinua kikombe kidogo kama anayemkaribisha. "Nilipoona tu hizi herufi zenye mikia nikamwambia, mama, hii imetoka kwa mume wangu. Hii haiwezi kuwa ya uongo."

Mama mkwe akatokea jikoni na birika. Alikuwa amehamia pale tangu mimba ilipofika miezi sita, na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini. Mwaka juzi mimba nyingine ilitoka ikiwa na miezi mitano, na tangu hii ya sasa ionekane, nyumba nzima ilikuwa inanyata. Cherehani ya mkewe, aliyokuwa akishonea mapazia ya watu, ilifunikwa shuka na kusukumwa kona, na ukimya wake ulisikika kila chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Chakula chako kimefunikwa pale."

"Anakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi, mchana na jioni. Na siitoi haraka. Naiacha ichemke hadi iwe nyeusi, nguvu yote itoke." Mama mkwe alijaza kikombe cha bintiye bila kumwaga tone. "Ujue niliinunua ya kwangu mwenyewe, na mwanzoni nilimkatalia. Nilimwambia huyu mwenzio, tumbo si mahali pa kujaribia majani. Mimi nimezaa sita kwa maji ya kunywa tu. Ndipo akanionyesha hapa."

Aliichukua pakiti, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho, akausoma polepole, silabi moja moja, maana alijifunza kusoma akiwa mtu mzima na bado alikuwa anaheshimu kila herufi aliyokutana nayo. "Sa-la-ma kwa wa-ja-wa-zi-to na wa-to-to." Akaiweka chini. "Sasa mimi ni nani nibishane na maandishi?"

Mstari ule Rula aliukumbuka vizuri. Mwenye chai, mama mmoja ambaye pale dukani walimwita Mama Majani, alileta karatasi yenye maneno machache: Chai ya Majani Saba, huondoa uchovu, huleta usingizi. Basi. Chini ikabaki nafasi ya vidole viwili, nyeupe, inamtazama. Rula akafungua kwenye kompyuta lebo ya mwezi uliopita, ya mafuta ya kujipaka, akanyofoa mstari uliokuwa mle, akaupachika kwenye chai. Ukakaa sawasawa, hata kwa rula haukuzidi. Hakukusudia kumdanganya mtu. Alikuwa anaziba pengo.

Alifungua mdomo aseme. Mkewe alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayejivunia mume, na mama mkwe alikuwa bado ameshika birika.

"Punguza kidogo," alisema.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Isizidi."

Akala chakula chake, akarudi kazini. Hapo ndipo alipokosa, na tusimtafutie visingizio. Kupachika mstari kulikuwa uzembe, na uzembe humpata mtu yeyote. Lakini ule ulimi alioumeza mchana ule alijua kabisa anaumeza.

Asubuhi iliyofuata hakwenda kazini. Alikwenda kwa Mama Majani.

Kiwanda cha Mama Majani kilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Palikuwa na magunia, ungo, mizani ya kupimia kama ya dukani, na kimashine cha kubana mifuko kwa moto. Ukuta mzima ulipangwa pakiti hadi juu, na kila pakiti ilikuwa imegeuzia chumba mstari ule ule.

"Fundi mwenyewe," mama yule alimpokea, anajifuta vumbi la majani kwenye kanga. "Nilitaka nikutafute. Lebo zinakaribia kwisha."

"Mama, naomba kuuliza. Humu ndani kuna nini?"

"Si ni hayo majani saba." Alihesabu kwa vidole. "Mchaichai, mnanaa, tangawizi kavu. Halafu kuna majani ya aina mbili naletewa na mzee mmoja wa sokoni, na mizizi ya aina mbili. Hiyo mizizi jina lake silijui, naijua kwa harufu. Ikinukia sivyo namrudishia."

"Na kwa wajawazito, nani alikwambia ni salama?"

Mama Majani alicheka, akidhani ni utani. "Si ninyi?"

"Sisi?"

"Nilipokuja kuchukua lebo nikakuta mmeandika. Nikasema kumbe wenzetu wana wataalamu wao, wameshapima. Sikutaka kuuliza sana nikaonekana mshamba. Tangu siku hiyo wajawazito ndio wateja wangu wakubwa. Hata mdogo wangu nimempa, yuko mwezi wa tano."

Rula alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa. Alikuwa ameishi na maandishi miaka kumi na minane, akiyakuza, akiyapunguza, akiyasogeza kushoto, na siku zote aliyaona ni wino. Sasa aliona namna mstari mmoja ulivyotoka kwenye vidole vyake, ukamdanganya mwenye chai, ukamdanganya mwenye duka, ukamdanganya bibi aliyekuwa na akili ya kukataa, kisha ukarudi nyumbani kwake ukaingia kwenye kikombe. Wote hao walikuwa wameaminiana kwa duara, na katikati ya duara hapakuwa na mtu anayejua. Alishikwa na woga ambao hakuwahi kuujua, woga wa mtu aliyegundua kwamba chombo alichokuwa akikichezea kina nguvu.

"Hakuna mtaalamu, mama," alisema. "Niliandika mimi. Kulikuwa na nafasi."

Mama Majani naye akatafuta gunia la kukalia. Walibaki hivyo, wawili, wanatazamana na ule ukuta wa pakiti.

"Basi nani anayejua?" aliuliza hatimaye.

Kabla Rula hajajibu, simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, na sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Baba, njoo. Tumbo linamkaza na kuachia. Na ameona damu."

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda kumi na wagonjwa kumi na watatu. Mkewe alipata kitanda cha mwisho karibu na dirisha, baada ya mama mkwe kusimama mbele ya meza ya mapokezi na kukataa kusogea. Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayesema na kila mtu kwa sauti ile ile, awe daktari au mfagiaji.

"Miezi?"

"Saba na wiki mbili," mama mkwe alijibu.

"Namuuliza mwenye tumbo, bibi. Linakaza kila baada ya muda gani?"

"Dakika kumi. Wakati mwingine pungufu," mkewe alisema. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa godoro.

"Umeanguka? Umebeba kitu kizito? Umekunywa dawa yoyote?"

"Hapana. Chai tu."

"Chai gani?"

Mama mkwe alifungua mkoba wake na kutoa pakiti kwa heshima, kama anayetoa cheti. Aliileta makusudi ili hospitali waone kwamba mwanawe ametunzwa. Mkunga aliisoma mbele, akaisoma nyuma, akashusha miwani.

"Majani saba. Hata moja halikutajwa jina. Na eti salama kwa wajawazito." Akainua kichwa. "Nani kapima? Nani kaandika huu upuuzi?"

Aliuliza kama watu wanavyouliza wakiwa wamechoka, bila kutegemea jibu. Mama mkwe alimtazama mkunga, kisha akaitazama pakiti, na kidole chake kikatafuta mstari ule kama kuhakikisha bado upo. Rula angeweza kunyamaza. Hakuna mtu pale ambaye angejua, na jana alishajifunza jinsi kunyamaza kulivyo rahisi.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini, baba?"

"Niliandika mimi. Ni fundi wa lebo. Ulikuwa mstari wa mafuta ya kujipaka. Niliuweka hapo kwa sababu palikuwa pamebaki nafasi."

Wodi nzima ilisikia. Mwanamke wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa. Kuna mmoja alicheka puani, akajizuia, na yule aliyekuwa akipepea mgonjwa wake akaacha kupepea ili asikie vizuri. Rula alisimama katikati ya macho yote hayo na rula yake mfukoni, mtu wa miaka arobaini na moja, anatamani sakafu ifunguke. Mkewe hakumtazama. Alikuwa amefumba macho kwa sababu tumbo lilikuwa linakaza tena.

"Ni hiyo chai ndiyo imeleta haya?" Rula aliuliza.

Mkunga aliiweka pakiti chini. "Sijui," alisema. "Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nimebuni kama ulivyobuni wewe. Nikikwambia hapana, vile vile. Uchungu wa mapema una sababu nyingi na nyingine hatuzioni kamwe. Lakini jani ni dawa, na dawa ina kipimo. Tangawizi kidogo kwenye chai sina ugomvi nayo. Mzizi usio na jina, ukachemshwa hadi ukawa mweusi, mara tatu kwa siku, huo hata mimi na miaka yangu ishirini na sita siwezi kukwambia unafanya nini humo ndani. Ndiyo maana tunasema, kabla ya kunywa, uliza."

"Niliuliza," mama mkwe alisema taratibu. "Niliuliza maandishi."

Mkunga alivuta pazia, akampima mgonjwa, akasema mlango wa kizazi bado haujafunguka na hilo ni jema. Akamwandikia dripu na dawa ya kutuliza. Kisha akatoa mfukoni kidude cha mbao chenye umbo la tarumbeta fupi, akaweka upande mpana juu ya tumbo na sikio lake upande mwembamba, akatulia.

Alitulia sana. Akakihamisha kushoto, akatulia tena. Akakihamisha chini. Mama mkwe alikuwa ameshika mguu wa bintiye juu ya kifundo, na Rula aliona midomo yake inakwenda bila sauti. Mkewe alifumbua macho akaanza kuusoma uso wa mkunga, na uso ule haukuwa na kitu cha kusomeka. Mwaka juzi, chumba kingine, mtu mwingine alisikiliza hivi hivi kwa muda mrefu, kisha akakunja vifaa vyake akaomba radhi.

Mkunga aliinuka. "Yupo," alisema. "Tena mbishi." Akamgeukia Rula. "Njoo hapa, fundi. Hebu inama. Usishike na mkono, weka sikio tu. Usihangaike, usipumue kwa kelele."

Rula aliinama. Mwanzo alisikia damu yake mwenyewe inavyogonga masikioni. Halafu alisikia mvumo mpana, mzito, wa mwili wa mkewe ukifanya kazi zake. Halafu, chini kabisa ya hayo yote, mbali, akaisikia sauti ya moyo mwingine.

Ilikwenda mbio. Ilikwenda kama cherehani ya mkewe ikishona pindo refu chumba cha pili, usiku na mchana, bila kuinua mguu. Haikumuuliza mtu kama iendelee. Rula aliyezoea kuona kila kitu duniani kikisubiri kipangiwe mahali pa kukaa, aliinama pale shingo ikimuuma, akasikiliza kitu ambacho hakikuhitaji neno lolote kutoka kwake ili kiwepo. Machozi yalimtoka yakashuka kwenye mbao ya kile kidude, na mkunga akamwambia atoke kabla hajamharibia kifaa cha serikali.

Mkewe alilala hospitali siku tatu, na siku ya kwanza hakusema na mumewe. Kila Rula alipoleta chakula alikipokea, akakila, akarudisha chombo. Siku ya pili tumbo lilikuwa limeacha kukaza. Rula aliketi kwenye stuli, mikono katikati ya magoti.

"Nisamehe," alisema. "Ule mstari..."

"Mstari hauniumi," mkewe alimkata. "Mstari uliandika hujui kama utanifikia. Uliandika kwa watu usiowaona. Kinachoniuma ni juzi mchana. Ulikuja, ukaona, ukajua. Ukaniambia nipunguze, ukaenda kula."

Rula aliinua chombo kitupu, akakirudisha chini.

"Na jioni ile nilikunywa vikombe viwili. Kwa sababu uliiona pakiti na hukuitupa. Nikasema, basi hata mwenyewe ameikubali."

Aligeukia dirishani. Kisha aliupapasa mkono wa mumewe bila kuutazama, akauweka ubavuni mwa tumbo, pale palipokuwa panapigwa teke. Hakuwa amemsamehe. Alikuwa na kitu kikubwa mno ndani yake, na hakutaka kukistaajabia peke yake.

Wiki ile Rula alichapa stika mia nane baada ya saa za kazi. Bosi wake alinung'unika kwamba duka litachekwa, Rula akamjibu kwamba limeshachekwa na wodi nzima. Mama Majani alifunga kimashine chake akaenda kuwatafuta wateja wake wajawazito mmoja mmoja, akianzia kwa mdogo wake. Na Rula alizunguka duka kwa duka akiwa na mama mkwe, ambaye alijialika mwenyewe. Yeye ndiye aliyebandika. Alikuwa akiweka kidole kwenye mstari wa mwisho, anausoma tena wote, silabi moja moja, kisha anaufunika kwa stika iliyosema: Mjamzito, muulize mkunga kwanza.

"Si lazima uusome kila mara, mama," Rula alimwambia kwenye duka la tano.

"Lazima," alisema. "Nilipokuwa najifunza kusoma, niliambiwa kilichoandikwa kimeandikwa na mwenye kujua. Nimeishi na hilo miaka kumi na moja. Niache niliage vizuri."

Rula alichukua stika nyingine akampa. Tangu siku ile hakuna siku aliyoketi mbele ya kompyuta bila kumwona bibi yule na kidole chake.

Mtoto alikuja wiki tano baadaye, asubuhi ya jua, mkunga akiwa yule yule. Alikuwa wa kike. Aliwekwa kwenye mizani mbele ya macho yao, akakunja ngumi zote mbili kama aliyekuja kudai chake, na mshale ukayumba ukatulia. Mama mkwe alikaa chini sakafuni, ghafla, kama mtu aliyetua mzigo wa miezi tisa, akawa anacheka kidogo kidogo peke yake. Rula alisimama. Hakujua afanye nini na mikono yake. Alimtazama yule mtu mpya, kucha zake, nyusi zake ambazo hakuna aliyezipima wala kuzipanga, akaona haya kwamba amewahi kujiona fundi.

Mkunga alikuwa amejaa kazi, vitanda viwili vinamwita. Alimsukumia Rula kadi ya mtoto na kalamu.

"Wewe si mtu wa maandishi? Jaza hiyo, nitakuja kuisaini."

Kadi ilikuwa imechorwa vibaya, mistari imepinda, nafasi tupu kila mahali. Zamani ingemnyima usingizi. Rula aliiweka juu ya magoti na kuanza. Tarehe aliandika, maana alikuwepo. Uzito aliandika, kilo mbili na gramu mia saba, maana aliuona mshale kwa macho yake. Jinsia aliandika. Jina la mama aliandika, polepole, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Kisha kalamu ikafika kwenye mistari miwili ya mwisho. Mmoja ulisema jina la mtoto. Mwingine ulisema afya ya mtoto.

Mama mkwe alikuwa ameinuka, anachungulia juu ya bega lake, anaifuata kadi kwa kidole.

"Hapa chini hujaandika, baba. Pako patupu."

"Naona, mama."

"Jina si mlishachagua? Na afya si unamwona? Weka tu ni salama, umalize."

Kitandani, mkewe aliinua kichwa kutoka kwa mtoto, akamtazama mumewe, akasubiri.

Rula alifunika kalamu, akaichomeka mfukoni kando ya rula. "Jina atalitaja mama yake akipumzika," alisema. "Na hapa pa afya tumngoje mkunga. Mimi sijui."

Mkewe aliendelea kumtazama kwa muda. Kisha akasogea kidogo kitandani, akamfanyia nafasi ya kukaa.